Turubai likishafunguliwa, nani anarudi kumwangalia mfiwa?

Mie mtu wa Tanga, Ngamiani, ila niko Norwe tangu 2009 na hili jambo limenikaa rohoni miaka mingi sasa acha niliseme.

Mwaka 2011 ulinikuta huku. Julai 22 mtu mmoja, Anders Breivik, alilipua bomu Oslo kisha akaenda kuwapiga risasi vijana kisiwani Utøya, jumla wakafa watu 77. Hata miezi miwili haijaisha, usiku wa kuamkia Septemba 10, meli ya Spice Islander ikazama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mtoto wa mama yangu mdogo alikuwemo pamoja na shangazi yake.

Huku halmashauri ziliambiwa kila aliyenusurika na kila familia iliyofiwa ipewe mtu wake maalumu wa kuwafuatilia, angalau mwaka mzima, na yeye ndo anapiga simu, hangoji kuitwa. Jirani yangu binti yake alikuwa kisiwani akatoka hai. Mara ya kwanza walipopigiwa yule mama akajibu tuko sawa, mara ya pili vilevile, mara ya tatu theluji ishaanguka ndo akalia kwenye simu na binti akaanza kwenda kwa mtaalamu. Agosti hiyohiyo familia zilipelekwa kisiwani, kila mmoja akaoneshwa mahali mwanawe alipoangukia. Siyo kwamba kila halmashauri ilifanya vizuri, wapo walioachwa na wakalalamika.

Ila kwenye kuzika na kulia wazungu hawatufikii jamani. Huku mtu anakuletea maua, anasimama mlangoni dakika tano, anaondoka, usiku unabaki na ukuta. Kwetu turubai linafungwa barabarani, mikeka inatandikwa, wanawake wako jikoni, ubani unakusanywa, khitma inasomwa, hulali peke yako wala hupiki. Hiyo ni dawa kamili, nasema kwa moyo wangu wote. Tatizo ni kwamba siku ya tatu turubai linafunguliwa, sufuria zinarudi kwa wenyewe, na baada ya arobaini hakuna anayegonga tena. Mjane angalau ana eda, miezi minne na siku kumi watu wanajua yuko ndani wanamchungulia. Baba aliyepoteza mtoto je? Na aliyetoka majini hai je?

Huyu ndugu yangu hata hakuhesabiwa mfiwa, aliambiwa amshukuru Mungu basi. Alielea na godoro mpaka asubuhi, shangazi yake akamponyoka. Mpaka leo halali kwenye godoro, analala mkekani, na nyumba nzima wanasema ana mambo yake tu. Nilipotaja mtaalamu wa saikolojia mjomba akaniuliza kwa hasira, unataka apelekwe Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili? Kwetu daktari wa akili ni wa mtu aokotaye makopo, na hapo ndo tunapoumizana.

Sidai tuletewe wazungu wala majengo. Mwenyekiti wa mtaa majina anayo, imamu aliyesoma khitma nyumba anaijua, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita mtaani. Wafundishwe kurudi, baada ya arobaini, baada ya miezi mitatu, na siku ajali inapotimiza mwaka maana siku hiyo yote yanarudi upya, na wakifika waulize analalaje, anakula, kazini anakwenda, siyo kumwambia jikaze. Akiwa halali wampeleke hospitali mapema. Na wavuvi waliookoa watu na kubeba maiti wasisahaulike, nao wameona mengi.

Mie nilianza kumpigia ndugu yangu kila tarehe 10 ya mwezi. Miezi mitano tuliongea Coastal Union tu, nani kafunga, nani kauzwa. Wa sita akanyamaza kidogo kisha akasema, dada, shangazi alivaa bangili, nilishika bangili siyo mkono.