Mama wa kambo kasingiziwa, na mwaka ninao

Mie niko Kassel, Ujerumani, mji walioishi wale ndugu wawili Jacob na Wilhelm Grimm waliotuletea ngano za kina Snow White, na huku wanawapenda balaa, wana hadi makumbusho yao. Ila hili wengi hawalisemi: kwenye kitabu chao cha kwanza cha 1812, yule anayeagiza Snow White auawe aletewe mapafu na maini yake ayapike ale hakuwa mama wa kambo, alikuwa mama mzazi kabisa! Mwaka 1819 kilipotoka tena ndo wakambadilisha. Hansel na Gretel hivyo hivyo, njaa imepiga, mama aliyewazaa anamwambia baba tukawatupe msituni, mpaka 1840 ndo akageuzwa wa kambo.

Yaani heshima ya mama mzazi ilindwe, basi zigo akatwishwa mwingine. Na usidhani waliogopa ukatili, yule malkia wa Snow White bado anavalishwa viatu vya chuma vya moto acheze mpaka afe. Kilichofutwa ni pale Rapunzel, binti wa ngano yao nyingine aliyefungiwa mnarani, anauliza mbona nguo zinambana, maana hapo msomaji anajua tayari ana mimba. Mimba aibu, kuchoma mtu sawa tu.

Linaniuma kwa sababu mie mwenyewe ni mama wa kambo. Huku mtoto wa mume wangu ananiita kwa jina, ndo kawaida yao, na nyumbani tuko watatu tu, akinuna hakuna shangazi wala bibi wa kumwita pembeni amsemeshe. Kwetu Tanga hao wangejaa uani. Sisemi kwetu pepo jamani, ukimgombeza mtoto tu jirani keshasema "angekuwa wake asingemfanyia vile", na ngano zetu nazo zinatupaka vilevile. Ila bibi alikuwa anasimulia huku anaangalia nani kakaa mkekani, kama mke mpya wa baba yupo basi usiku huo mbaya ni zimwi, kesho akiondoka mambo yanarudi palepale 😂 Hii ya kina Grimm imechapwa, ikachapwa tena, mwaka 1937 Disney akaitia kwenye filamu, sasa nani aibadilishe?

Mie nikimsomea huyu mtoto namsomea ya 1812. Baba yake hataki, eti itamtisha. Kwani ile ya viatu vya moto haimtishi?