Baba wawili wa Frank O'Connor

Frank O'Connor, mwandishi wa hadithi fupi wa Ireland, hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa Michael O'Donovan mwaka 1903 katika mji wa Cork, kusini mwa Ireland, mtoto pekee wa askari mlevi na mama aliyelelewa kituo cha yatima, ambaye baadaye aliishi kwa kusafisha nyumba za watu. Alipokuwa mwandishi aliliacha jina la baba, akajiita kwa ukoo wa mama.

Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1961, An Only Child, huyo baba anatisha. Akilewa anashika wembe na kumtishia mkewe, mtoto akiona. Sasa fungua hadithi yake maarufu, My Oedipus Complex, iliyopewa jina la nadharia ya Freud kuhusu mtoto wa kiume anayemwonea baba wivu kwa sababu ya mama. Larry, mtoto mdogo, anaamka alfajiri, anatoa miguu nje ya shuka na kuipa majina, Bibi Kushoto na Bibi Kulia, halafu anaizungumzisha. Kisha anakwenda kitandani kwa mama kumweleza mipango yake ya siku. Baba anaporudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kitanda kinapata mwenyewe na vita inahamia nyumbani. Larry anaambulia kofi. Lakini anapozaliwa mtoto mwingine, baba naye anafukuzwa kitandani, anakuja kulala na Larry, na Krismasi inapofika anamnunulia treni ya kuchezea.

Wapo wanaosema huku ni kulainisha mambo. Wembe umegeuka kofi, hofu imegeuka kicheko, na umaskini wa Cork umepakwa asali. Hoja hiyo ina uzito. Anayejua yaliyotokea kweli hawezi kucheka kwa raha ileile.

Wengine wanajibu kwamba hadithi si kiapo cha mahakamani. Mwandishi ana haki ya kumpa mtoto baba ambaye yeye mwenyewe hakumpata. Na mtu asidhani O'Connor alishindwa kuandika ukatili. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ireland alikuwa upande uliopinga mkataba wa amani na Uingereza, akafungwa kambi ya Gormanston mwaka 1923. Mwaka 1931 akatoa Guests of the Nation, hadithi ya wapiganaji wa Ireland katika vita vya awali vya kudai uhuru kutoka Uingereza, wanaocheza karata na mateka wao wawili wa Kiingereza, Hawkins na Belcher, hadi inapokuja amri ya kuwaua. Kwenye kinamasi, usiku, Belcher anajaribu kujifunga macho kwa leso yake. Haitoshi. Anamwomba leso mmoja wa wanaokwenda kumuua, yule aliyekuwa rafiki yake wa karata. Hapo hakuna asali hata tone. Na anayesimamia mauaji hayo anaitwa Donovan, karibu jina lilelile ambalo mwandishi aliliacha.

Kwa hiyo nawaunga mkono hawa wa pili kuhusu baba. Ulaini wa My Oedipus Complex ulikuwa uamuzi wa mtu aliyejua vizuri anachokiacha. Lile tukio la baba kuja kitandani kwa mtoto, wote wawili wamekosa pa kwenda, Larry akishangaa jinsi mzee alivyo mifupa mitupu, linanigusa zaidi nikijua habari ya wembe.

Ila kuna hasara ambayo pande zote mbili huipita haraka, nayo ni mama. Minnie O'Connor wa kweli, yatima aliyefanya kazi za ndani hadi mwanawe akasoma vitabu, ni mtu mzima mwenye historia yake. Katika hadithi ya Larry amebaki kuwa kitu kinachogombewa: kitanda chenye joto, sauti inayosema nyamaza, baba amelala. Msomaji anamaliza akiwajua wanaume wawili wa nyumba ile, mkubwa na mdogo, lakini hajui mama yule alitoka wapi wala alitamani nini. Ukimtaka Minnie, huna budi kurudi An Only Child. Humo mwanawe amempa kurasa nyingi, na hakumficha nyuma ya kicheko.