Usituage kwa picha ya uwanja wa ndege

Siku hizi watu hawaagi, wanatangaza kwamba wameshaondoka. Unafungua simu asubuhi, unamkuta mtu uliyekunywa naye chai juzi amesimama na begi kubwa pale Terminal 3 ya Uwanja wa Julius Nyerere, chini ameandika "Mungu ni mwema". Ndiyo kuaga kwenyewe huko. Wengine hata picha hawaipati. Wanasikia kwa muuza genge kwamba fulani yuko Ujerumani, tena ana miezi kadhaa.

Sababu zao nazijua. Viza inaweza kukataliwa, na hakuna anayetaka kufanyiwa sherehe Jumamosi halafu Jumatano aonekane sokoni anachagua nyanya. Kuna wanaoogopa kijicho. Kuna wanaokimbia maombi: uniletee simu, uniletee viatu, na huyu mwanangu umtafutie chuo hukohuko. Hofu ya viza naiheshimu. Subiri itoke, ndipo useme. Hizo nyingine sizikubali. Mwenye kijicho hakomi kwa sababu umeshafika, tena hapo ndipo unampelekea picha za theluji azitazame vizuri. Na anayeomba simu mjibu tu kwamba begi lina kilo zake na pesa ya simu hamna. Atanuna siku mbili, atazoea.

Nasema haya nikiwa mwenyewe nafunga mizigo. Nafundisha Jiografia sekondari hapa Morogoro, na Septemba hii nakwenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa ufadhili wa Chevening, ambao masharti yake yanakutaka urudi kwenu ukishamaliza na ukae angalau miaka miwili. Safari ya namna hii inawachanganya watu. Mwaka ni mwingi kwa "haya, tutaonana", na ni mdogo kwa kuchinja mbuzi. Mama mkwe wangu analia kama nahamia moja kwa moja. Jirani anasema, "Mwaka tu? Mbona hata mjamzito anajifungua na mtoto anaanza kukaa, wewe bado hujaisha kuaga!"

Kwa mtumishi wa umma, siri yenyewe ni ndoto. Barua ya kuomba ruhusa ya masomo inapitia kwa mkuu wa shule, inakwenda halmashauri, inagongwa mihuri, inalala kwenye meza moja wiki nzima, na kibali cha kusafiri nje nacho kina njia yake. Watu wa masijala walijua naondoka kabla mama yangu mzazi hajajua. Kwa hiyo pale kazini sikuwa na la kuficha. Lililobaki lilikuwa namna ya kuaga.

Hapo ndipo nina ugomvi na mazoea yetu. Tunadhani kuaga ni keki. Mhazini wa ustawi wa wafanyakazi anapitisha daftari, kila mtu anaandika anachoweza (mwezi ambao tayari una michango ya harusi mbili na msiba mmoja), inanunuliwa keki yenye jina lako, unavishwa kitenge, inasomwa risala. Risala za kuagana zinanitisha. Zinasomwa kama wasifu wa marehemu: alizaliwa, alisoma, alipendwa na wote, pengo lake halitazibika. Hao "wote" wapo waliokaa muhula mzima bila kunisalimia kwa sababu ya zamu. Nimewaomba wenzangu wasichangishane. Chai ya saa nne inatosha, na maandazi nitanunua mimi.

Ninachowadai wao, na wao wananidai mimi, ni kitu kingine. Mwaka wa masomo Uingereza unaanza Septemba au Oktoba; wetu unaanza Januari, na kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa Novemba. Maana yake mwalimu anayekwenda kusoma kule anaondoka wakati mbaya kuliko zote. Vipindi vyangu vimegawiwa walimu wawili ambao mizigo yao ilikuwa tayari inawaelemea. Mmoja wao, kijana ninayemwita mdogo wangu kwa kuwa tulisoma chuo kimoja, hakuhitaji kusikia kwamba pengo langu halitazibika. Analiziba yeye! Alihitaji azimio la kazi lisiloishia Juni, alama za majaribio zilizojazwa mpaka mstari wa mwisho, na majina ya wanafunzi ambao wakinyamaza darasani ujue hawajaelewa.

Tulikaa mchana mmoja mbele ya kabati la idara. Nikamwonyesha ramani za topografia, nyingine kona zimeliwa na mchwa lakini gridi zake bado zinasomeka. Nikamwonyesha globu iliyokatika mhimili, tunaifunga kwa waya na haizunguki zaidi ya nusu. Kufuli la kabati halifunguki kwa ufunguo peke yake. Unalinyanyua kidogo kwanza, unabana, ndipo unazungusha. Alijaribu likagoma, akajaribu tena likakubali. Akacheka. "Kumbe dada ulikuwa unatufungia siku zote, tukidhani kabati bovu." Kwangu mimi tuliagana pale. Keki isingetufikisha hapo.

Wanafunzi niliwaambia mapema, na wapo walionilaumu kwa hilo. Mwalimu mwenzangu alisema nitawavuruga, bora ningeondoka tu wakakuta mwingine ubaoni. Sikubaliani naye. Mtoto wa kidato cha nne si mdogo kiasi hicho, na anayeachwa bila kuambiwa hujitungia sababu: tumemchosha, hatupendi. Nilipowaambia, darasa lilinyamaza, kisha mmoja wa nyuma akauliza, "Madam, na swali la ramani atatumalizia nani?" Nikamtajia jina. Basi, tukaendelea na somo.

Kuna deni jingine ambalo watu hulikimbia kimyakimya, nalo ni mchezo. Kila ofisi ina upatu wake, na kila upatu una historia ya mtu aliyepokea mapema, akasafiri, akabadili namba. Kijumbe wa watu anabaki anatoa pesa mfukoni mwake kufidia, maana wenye zamu za mwisho hawataki kusikia habari za Ulaya. Mimi nimeshapokea zamu yangu, na mzunguko haujaisha. Kuondoka bila kumweka mtu badala yangu ni wizi, hata kama utaitwa baraka na kuwekewa picha.

Waislamu wa kwetu wana utaratibu ambao sisi wengine tungeuazima bila aibu. Anayekwenda Hija anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Analipa madeni, au anamwachia mtu dhamana ya kuyalipa, anaandika wasia, anarudisha amana za watu. Hafichi safari, akifanya hivyo ataombaje radhi? Na safari yenyewe ni ya wiki chache tu. Babu mmoja mtaani kwetu alipokwenda kuhiji alifika mpaka kwa fundi viatu aliyewahi kugombana naye kwa ajili ya soli. Mimi ni Mkristo, lakini nimeanza kupita kwa watu. Kuna mwalimu mwenzangu tuliyepishana maneno kwenye kikao cha taaluma, nikamfuata, nikamwambia niwie radhi. Akasema alishasahau. Hakuwa amesahau, lakini siku iliyofuata alinivutia kiti.

Mimi nakwenda chuoni, nina barua na anwani ya bweni. Wapo wanaoondoka kimya na hawana kinga ya namna hiyo, nao ndio wanaonifanya nione hii tabia ni ya hatari na si ya kukera tu. Wasichana wengi wa Kitanzania wanakwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu, na humo mna waliosimulia kunyang'anywa pasi zao na waajiri na kufanyishwa kazi saa nyingi bila kupumzika. Ukienda huko ukiwa umeambiwa na wakala "usimwambie mtu, watakuharibia", siku mambo yakikugeukia nani ataanza kukutafuta, na aanzie wapi? Wakala anayekukataza kuaga ana sababu zake, na hazihusiani na kijicho cha jirani. Mwachie dada yako nakala ya pasi, namba ya wakala, jina la mwajiri na mji. Waambie hata majirani. Heri akuonee wivu mtu anayejua ulipo.

Najua nitaambiwa dunia ya sasa haina umbali, kuna simu za video. Zipo, na nitazitumia. Lakini ikishapita Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uingereza wanarudisha saa zao nyuma, tunakuwa tumepishana saa tatu kamili. Nikitoka darasani jioni, nyumbani wanafunga milango walale. Kwa hiyo yanayosemeka uso kwa uso nayasema sasa. Shangazi yangu wa Kilosa nitamfuata kwake, simpigii.

Kijumbe, najua unanisoma hapa. Jumamosi nakuja na wifi yangu umwone sura. Ndiye atakayelipa sehemu yangu mpaka mzunguko uishe, kila tarehe tano, na akichelewa unayo ruhusa yangu ya kumfuata mpaka kazini kwake.