Studio za kati zinahitaji wachapishaji wa kati

Gemu ya Hellblade ilipotoka Agosti 2017, watengenezaji wake, Ninja Theory ya Cambridge, Uingereza, walikuwa wameitengeneza kwa kikosi cha watu wapatao 20. Chumba cha mikutano walikigeuza studio ya kunasa miondoko ya mwili. Senua, mhusika mkuu, hakuigizwa na mtu wa kukodi: ni Melina Juergens, mhariri wao wa video, aliyeanza kwa kusimama tu mbele ya kamera wakijaribu vifaa. Mwaka uliofuata alitwaa BAFTA, tuzo kubwa ya Uingereza, kwa uigizaji huo.

Gemu za namna hii ndizo ninazohofia kuzipoteza soko linapozidi kumezwa na kampuni chache. Hellblade iliuzwa nusu ya bei ya gemu kubwa, na nakala 500,000 za miezi mitatu ziliwaingiza kwenye faida. Mchapishaji mkubwa, yaani kampuni inayogharamia gemu na kuiuza, angeona nakala hizo ni chache mno. Tena awali walizitengenezea Sony na Capcom gemu, na haki zikabaki kwa mwenye pesa. Safari hii Senua alikuwa wao.

Hata hivyo, 2018 hiyohiyo walijiuza kwa Microsoft. Siwalaumu hata kidogo. Studio inayojitegemea ikikosea gemu moja, mishahara inakatika. Mkubwa ana kifua cha kubeba hasara: Sony waliiondoa gemu yao Concord sokoni wiki mbili tu baada ya kuitoa, Agosti 2024, na kampuni ikaendelea kusimama.

Ila Firewalk, studio iliyoitengeneza, ilifungwa. Na Mei 2024, mwezi uleule Hellblade II ilipotoka, Microsoft walitangaza kuifunga Tango Gameworks ya Tokyo, ambayo gemu yao Hi-Fi Rush ilikuwa imesifiwa kila kona. Kwa hiyo hoja ya usalama chini ya tajiri naikubali nusu tu: anayelindwa ni tajiri mwenyewe.

Ndiyo maana naitazama kwa makini Sandfall ya Montpellier, Ufaransa. Kikosi chake cha watu kama 30, wakisaidiwa na mafundi wa nje, kilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, Desemba 2025. Mchapishaji wao ni Kepler, kampuni ambayo studio kadhaa zinaimiliki kwa ubia. Wachapishaji wa kimo hicho, wenye uwezo wa kusubiri miaka bila kudai nakala milioni 10 ndipo wale, bado ni wachache mno.