Barabara ya Jinja ilipoachwa wazi: Kampala, Aprili 1979

Majeshi ya Tanzania yalipouendea mji wa Kampala tarehe 10 Aprili 1979, yaliubana kutoka pande tatu. Brigedi ya 207 ilikuja kutoka magharibi, ya 208 ikapanda kutoka Entebbe, na ya 201 ikapelekwa kaskazini kuziba njia ya Bombo. Upande wa mashariki haukuwekewa mtu. Barabara inayopita Nakawa, Kireka, Mukono na msitu wa Mabira hadi daraja la Mto Nile pale Jinja iliachwa wazi, na iliachwa kwa makusudi. Iddi Amin alitoka kwa barabara hiyo. Askari wake walitoka nayo pia, wengi wakiwa na bunduki mkononi na mali za watu garini.

Ndiyo maana hapa Uganda, kila vita vile vinapozungumziwa, swali hurudi: kwa nini mtu uliyemkimbiza kutoka mpakani Mutukula unamwachia upenyo ukiwa umeshamfikia? Wengine huuita uamuzi ule busara ya Mwalimu Nyerere. Wengine, hasa wenye asili ya Lango, Acholi na West Nile, huuona kama deni ambalo wao ndio waliolilipa. Nadhani pande zote mbili zina hoja nzito, ila zinabishania kosa ambalo silo.

Kwanza tukumbushane kwa ufupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera, nchini Tanzania, na siku chache baadaye likalipua daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Nyerere akawaambia Watanzania kwamba uwezo wa kumpiga wanao, sababu wanayo na nia wanayo. JWTZ ikamtoa Kagera, ikaichukua Mutukula Januari, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari. Hadi hapo Kampala haikuwa shabaha iliyotangazwa. Mwalimu alitaraji Waganda wenyewe wangemaliza kazi. Kilichobadilisha hesabu ni Walibya, askari ambao Gaddafi, mtawala wa Libya, aliwatuma kumsaidia Amin. Katika mapigano ya Lukaya, Machi 10 na 11, pale barabara inapokatiza kinamasi, askari wa Gaddafi waliisukuma nyuma Brigedi ya 201, kisha ya 208 ikazunguka na kuwapiga ubavuni. Baada ya hapo Gaddafi akatoa muda wa mwisho Tanzania iondoke, na ndege yake ya kivita ikatumwa kuipiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala wa hifadhi. Watu walicheka, lakini serikali haikucheka. Sasa vita vilikuwa na nchi ya tatu ndani yake, tena nchi ya Kiarabu, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika tayari ulikuwa ukinung'unika kwamba jirani haruhusiwi kumng'oa jirani.

Hapa ndipo hoja ya wanaoitetea barabara ile inapoanzia, na haieleweki bila Entebbe. Tarehe 7 Aprili Brigedi ya 208 iliuteka uwanja wa ndege. Ndege ya mizigo ya Libya aina ya C-130 iliteketezwa ikiwa uwanjani, na Walibya waliojaribu kutorokea Kampala kwa magari walikutana na Watanzania njiani. Walikufa kwa mamia. Kijeshi ulikuwa ushindi safi. Kidiplomasia ulikuwa mzigo, kwa sababu kila jeneza lililorudi Tripoli liliifanya vita ya Kagera ionekane vita ya Waafrika na Waarabu, jambo ambalo Nyerere hakulitaka hata kidogo. Walibya waliobaki Kampala wangezingirwa, wangefanya nini? Hata paka ukimfungia chumbani ukamchapa, atakurukia usoni. Wakiachiwa njia, waliondoka, na ndivyo ilivyokuwa: wengi walielekea Jinja na hatimaye wakarudi kwao.

Kuna na hoja ya mji wenyewe, ambayo mimi naipa uzito zaidi ya ile ya diplomasia. Kampala ni vilima. Kololo, Nakasero, Mengo, Rubaga, Makindye: jeshi lililoamua kufa lingeweza kukaa juu ya kila kilima na kukifanya ngome, huku raia wakiwa katikati. Masaka haikuwa na vilima vingi kiasi hicho, na mizinga iliiacha magofu. Wakazi wa Kampala walishayajua makombora ya JWTZ kwa jina la Saba Saba, na hofu yake pekee ilishawatoa askari wengi wa Amin kwenye mahandaki. Mji mkuu ukaanguka kwa upinzani mdogo sana kuliko ilivyodhaniwa. Kikosi cha Luteni Kanali Ben Msuya kiliingia katikati ya mji pamoja na wapiganaji wa Uganda, watu wakatoka majumbani kuwashangilia, na tarehe 11 David Oyite-Ojok, kamanda wa wapiganaji hao, akatangaza redioni kwamba utawala wa Amin umekwisha. Mji wa ukubwa ule kutekwa kwa takriban siku mbili, majengo yake mengi yakiwa yamesimama, si jambo dogo. Uharibifu mkubwa zaidi ulikuja baadaye, uporaji ulipoanza, na huo haukufanywa na mizinga.

Sasa upande wa pili. Jeshi la Amin halikuyeyuka kwa kupita Mukono. Lilihamisha vita. Jinja ilitekwa Aprili 22, maporomoko ya Karuma yalipiganiwa Mei, na mpaka wa Sudan ulifikiwa Juni 3. Kwa karibu miezi miwili watu wa mashariki na kaskazini waliishi njiani mwa askari walioshindwa, wasio na mshahara wala kamanda, na wanaojua kwamba serikali mpya ina Walango na Waacholi ndani yake. Walipora magari, waliua raia. Hata Kampala, kwenye mahabusu ya makachero wa Amin pale Nakasero, walinzi walirusha maguruneti ndani ya vyumba vya wafungwa kabla ya kutoroka. Mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya Mlibya ulitumiwa na mchinjaji wa Nakasero vilevile.

Na hesabu haikuishia 1979. Masalia ya jeshi lile yalivuka kwenda Sudan na Zaire, yakajipanga, na Oktoba 1980 yakairudia West Nile. Jeshi jipya la Uganda, UNLA, lilijibu kwa kulipiza kisasi kwa raia. Misheni ya Ombaci, karibu na Arua, ilishuhudia mauaji ya watu waliokuwa wamekimbilia hifadhi, Juni 24, 1981. Mtu wa Arua akikuambia kwamba Kampala ilinusurika kwa gharama yake, sioni utamjibuje kwa kumwonyesha vilima vya Kololo.

Lakini tuangalie tarehe. Kampala ilianguka Aprili 11, Jinja ikatekwa Aprili 22. Umbali ni kama kilometa 80, mwendo ambao leo matatu inaumaliza asubuhi moja, foleni ya Bweyogerere ikikubali. Siku kumi na moja! Kumwachia adui njia ya kutokea mjini ni jambo moja. Kumwachia wiki na nusu ya kupumua, kupora na kuvuka Nile kwa raha zake ni jambo jingine kabisa. Wanaolaumu barabara iliyoachwa wazi wangepaswa kulaumu siku hizo.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Sababu zipo, na si za kudharau. Askari wa miguu walikuwa wametembea tangu mpakani. Chakula na risasi zilitoka Tanzania kwa barabara moja kupitia Masaka. Mji ulikuwa hauna polisi, maduka yanavunjwa mchana kweupe, na serikali ya Yusufu Lule iliyoapishwa Aprili 13 ilikuwa na mihuri tu, jeshi ikilitegemea la wageni. Kuhusu Jinja palikuwa na hofu ya bwawa la Owen Falls: umeme wa nchi nzima na daraja kuu la Nile vilikuwa mahali pamoja, na adui aliyebanwa angeweza kuvilipua. Mwendo wa taratibu uliliokoa bwawa. Hata hivyo, naona makamanda walikuwa wamejiandaa kuuteka mji bila kujiandaa kwa kesho yake, na brigedi moja iliyokuwa ikilinda maduka ya Kampala ingefaa zaidi ikiwa Lugazi.

Kinachonizuia kuwalaumu sana ni mwaka 1986. Januari ile NRA, jeshi la waasi la Yoweri Museveni, iliiteka Kampala baada ya mapigano yaliyoanza tarehe 17 na kumalizika tarehe 26. Safari hii hakukuwa na Walibya wa kustahiwa wala Mwalimu wa kupima maneno. Askari wa UNLA walikimbilia mashariki na kaskazini vilevile. Ndani ya mwaka huohuo waliokimbilia Sudan walikuwa wameunda UPDA, jeshi lao la uasi, na kurudi kupigana, na kaskazini ikaingia kwenye vita vilivyopita mikononi mwa viongozi wa waasi Alice Lakwena kisha Joseph Kony. Jeshi la Uganda likishindwa Kampala hurudi nyumbani kwa askari wake, barabara iwe imefunguliwa kwa heshima au kwa kuzidiwa. Kilichoamua kama litarudi na bunduki, mara zote mbili, ni namna washindi walivyoingia katika vijiji vyao. JWTZ ilipofika West Nile mwaka 1979, wazee wengi wa huko husimulia nidhamu yake kwa wema. Balaa lilikuja ilipopisha UNLA.

Amin mwenyewe anabaki. Alikaa Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah Agosti 16, 2003 bila kusimama mbele ya hakimu hata siku moja. Wanaosema barabara ya Jinja ndiyo iliyomnyima Mganda kesi hiyo wananigusa kuliko wengine wote. Ila mizinga ilipoanza kuifikia Ikulu ya Entebbe siku zilizotangulia, mtu huyo aliondoka kwa helikopta. Angeikuta barabara imefungwa, angeruka tena: kizuizi cha Mukono kingewakamata madereva wake tu.