Ndege ya Zamani Inauawa na Kuegeshwa

Juzi kijana mmoja ninayemfahamu, rubani aliyepata leseni mwaka huu, alinipigia simu akiwa na furaha tele. Amepata Super Cub ya kununua, ile ndege ndogo ya zamani ya kampuni ya Piper. Iko Pwani, ndani ya hanga, rangi inang'aa, na mwenyewe anasema injini ina saa chache sana tangu ifanyiwe ovaholi, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya. Nikamuuliza ovaholi yenyewe ilifanywa lini. Akanisomea tarehe kutoka kwenye logibuku, kitabu cha kumbukumbu za ndege: zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita.

"Lakini kapteni, hairushi ovyo. Ameitunza kama mboni ya jicho."

Kauli hiyo nimeisikia mno kwenye viwanja vyetu, na kila nikiisikia damu inanichemka. Mtu anaegesha ndege, anaifunika turubai, anaipangusa vumbi kila mwisho wa mwezi, kisha zile saa ambazo hakuruka anazihesabu kuwa ni akiba. Anamtangazia mnunuzi "saa chache" kana kwamba ni sifa. Ndege ya namna hii haitunzwi kwa kuachwa. Inakufa ikiwa imesimama, na kifo chenyewe kinaanzia ndani, mahali ambapo kitambaa cha kupangusia hakifiki.

Chukua injini. Super Cub za nguvu-farasi 150 zinatumia injini ya kampuni ya Lycoming, O-320, ambayo kamshafti yake, ule mhimili wenye nundu unaofungua vali, imekaa juu, na krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, iko chini. Injini inapozunguka, oili inarushwa huku na huku na kuilowesha kamshafti. Ikizimwa, oili inachuruzika taratibu kurudi chini, na siku zikipita chuma kile kinabaki kitupu. Sasa ongeza hewa ya Pwani yenye chumvi, joto la mchana, na ubaridi wa alfajiri unaogeuza unyevu kuwa matone ndani ya injini. Kutu inashika. Siku mtu anapokuja kuiwasha, kutu hiyo inasagwa kati ya nundu za kamshafti na tapeti, vile vipande vinavyosukumwa na nundu hizo, uso wa chuma unaanza kumomonyoka, na chembe zake zinazunguka na oili hadi zikwame kwenye filta, zile zinazokwama.

Niliwahi kumsaidia fundi kufungua silinda ya ndege iliyokaa hivyo. Mwenyewe alisimama pembeni akituapia kwamba injini ni mpya, haina hata saa mia tatu. Silinda ilipotoka, fundi akamulika tochi kwa ndani, akamwita, akamwambia apitishe ukucha juu ya nundu ya kamshafti. Ukucha ukakwama kwenye vishimo. Akaurudisha, ukakwama tena. Hakuuliza swali jingine siku hiyo, na mimi sikuwa na la kumwambia, kwa sababu aliipenda ile ndege kweli. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema kwamba Lycoming wanaipa injini hiyo saa 2,000 au miaka 12 kabla ya ovaholi, kipi kitangulie. Wengi wetu tunaikariri hiyo 2,000 na kuisahau hiyo 12.

Kuna wengine wanaojua kwamba kuegesha ni kubaya, basi kila Jumamosi wanakuja kuiwasha hapo hapo ilipo, inanguruma dakika kumi, wanaizima na kwenda zao wakiwa wameridhika. Hawa ndio wananiuma zaidi, maana wana nia njema na wanaiharibu kwa bidii. Kila lita ya petroli inayoungua inazaa takriban lita nzima ya maji kwa umbo la mvuke. Mwingi unatoka na moshi, lakini kiasi fulani kinapenya kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Maji hayo yanaondoka oili ikipata joto la kutosha kwa muda wa kutosha, na dakika kumi za kunguruma chini hazileti joto hilo. Unaongeza maji na asidi ndani ya injini, kisha unaifungia. Wengine wanazungusha propela kwa mkono wakidhani wanasambaza oili, kumbe wanafuta ule utando mwembamba uliokuwa umebaki ukutani mwa silinda. Lycoming wenyewe wameyaandika yote haya katika maelekezo yao: kuwasha chini hakuchukui nafasi ya kuruka. Wanataka angalau saa moja mfululizo angani kila siku 30, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Ukikaa kando ya bahari, siku 30 ni nyingi mno.

Wenye Super Cub za injini ya Continental C90 wataniambia kamshafti yao iko chini, karibu na oili. Sawa. Kuta za silinda zao zinashika kutu kama za wengine.

Tena injini ni sehemu moja tu. Nguzo zinazoshikilia bawa la Piper, zile za zamani zisizozibwa, zinaoza kutoka ndani, kule chini kabisa ambako maji yanatuama, huku rangi ya nje ikiwa safi. Mamlaka ya anga ya Marekani inaamuru zikaguliwe kila miezi 24, na haikuamuru hivyo bila sababu. Nyigu wanajenga kwa udongo ndani ya tundu la hewa la tangi la mafuta. Tangi lililojazwa nusu linakusanya maji ndani ya mafuta yale yale ya mwaka juzi. Anayeruka mara kwa mara anayaona mambo haya asubuhi, anapochota mafuta kwenye kichupa na kukiinua juani kutazama kama chini ya ile buluu ya petroli ya ndege kuna tone jeupe la maji linalotembea. Asiyeruka hachoti.

Ndege yangu ilipokuja kwangu, kurasa za mwanzo za logibuku yake zilikuwa bado na herufi za usajili VP-K, za kabla Kenya haijaanza kutumia 5Y. Tuliivua kitambaa chote kinachoifunika, tukabaki na mabomba ya chuma na mbavu za mabawa. Kazi ya kushona kitambaa kwenye mbavu inataka watu wawili: bawa limesimamishwa kwa ubavu, mmoja huku, mwingine kule, sindano ndefu inapita na uzi wenye nta, inarudishwa, fundo linakazwa, mnasogea mbele kidogo. Unaushona ubavu mmoja hadi mwisho na vidole vimechubuka, halafu unanyanyua macho unaona iliyobaki. Kisha rangi ya fedha yenye unga wa alumini, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu jua letu la Ikweta linakila kitambaa kisicho na kinga. Ukishafanya kazi hiyo unaelewa ni kwa nini mtu anaogopa kuiondoa ndege yake hangani. Woga huo naujua na nauheshimu. Ila yale mafundo hayakukazwa ili bawa lisimame hangani.

Super Cub ilianza kutengenezwa 1949, na huku kwetu imejipatia jina kwa doria za wanyamapori, ikitua kwenye murramu na kuondoka mahali ambapo gari lingehangaika. Ndege za kazi zinafunguliwa, zinakaguliwa, zinabadilishwa kipuri kinapochoka, na ndiyo maana zinaendelea. Umri wake haunitishi. Kinachonitisha ni pengo la miaka mitano kwenye logibuku.

Nakubali petroli ya ndege ni ghali, na kuna maeneo haipatikani kabisa. Nakubali mtu anaweza kuugua, au kusafiri, au kukaukiwa na pesa. Kwa hali hizo kuna njia: oili maalumu ya kuhifadhia, plagi za vikaushio, zenye kemikali ya kunyonya unyevu, kwenye kila silinda, matundu yote yazibwe, na tarehe iandikwe kwenye logibuku. Ni kazi ya siku moja na fundi. Kufunika turubai hakumo kwenye orodha hiyo.

Kijana nilimwambia hivi. Nenda na fundi mwenye leseni, na asiwe yule anayeihudumia sasa. Omba silinda moja ifunguliwe kwa gharama yako. Mwenyewe akikataa, hesabu kwamba hununui injini, unanunua fremu, na bei uliyotajiwa ipunguze kwa gharama ya ovaholi nzima. Nguzo za bawa zipimwe. Usikubali kuirusha kwenda nayo Nairobi "ikafunguliwe huko". Kati ya Mombasa na Voi hakuna mahali pa kuulizia kwa nini oili imejaa chembe za chuma.

Na ninyi mnaouza, andikeni kwenye tangazo, juu kabisa, tarehe ya safari ya mwisho na saa ilizoruka kila mwaka kwa miaka mitano iliyopita. Picha ya rangi inayong'aa mnaweza kuiweka baadaye.