Kurejesha toleo la zamani la faili: nani aruhusiwe?

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, kazi ya ujenzi hapa haijapoa. Mchoro wa jengo moja la Mtumba, kwenye mji wa serikali, hupita kwa mbunifu majengo, mhandisi, mkadiriaji majenzi, kisha mkandarasi. Ofisi inapohamishia faili hizo kwenye programu ya usimamizi wa miradi, kila badiliko huhifadhiwa kama toleo, na hapo huzuka ubishi: faili ikiharibika, kila mtu aweze kurejesha toleo la nyuma, au kazi hiyo abaki nayo msimamizi peke yake?

Wanaotaka mlango uwe wazi wana hoja nzito. Mtu akifuta safu nzima ya bei Ijumaa jioni na zabuni inafungwa Jumatatu, kumsubiri msimamizi ni hasara. Tena kurejesha si kufuta: kwenye SharePoint, programu ya Microsoft ya kuhifadhi faili za ofisi, toleo la zamani hunakiliwa na kuwekwa juu kama toleo jipya, na lile lenye kosa hubaki kwenye historia. Hofu ya nini, basi?

Hofu ni kwamba faili hurudi nzima. Kosa likiingia Jumatatu, na wenzako wakaendelea kujaza vipimo sahihi hadi Alhamisi, ukirudisha toleo la Jumapili unaondoa na kazi yao. Ni kweli bado ipo kwenye historia, lakini nani ataenda kuitafuta kama hakuambiwa? Kwenye mchoro hatari ni kubwa zaidi. Fundi wa saiti anafuata karatasi iliyochapishwa, na programu haiwezi kuibadilisha karatasi hiyo. Ofisini kuna nguzo ya vipimo vingine, saiti inamwagwa zege ya vipimo vya jana.

Wapo pia wanaoamini historia ya matoleo inatosha kuwa kumbukumbu ya mradi. Hapo sikubaliani nao kabisa. Google Drive, kwa faili zilizopakiwa kama PDF, huweza kufuta toleo la zamani baada ya siku 30 au yakifika matoleo mapya 100, isipokuwa umeliwekea alama ya kulihifadhi. Mgogoro wa malipo ya mkandarasi hauna haraka hiyo.

Kwa maoni yangu, rasimu iwe wazi kwa wote, ila anayerejesha aandike sababu na awajulishe wenzake. Bora zaidi, apakue toleo la zamani, alilinganishe na la sasa, achukue sehemu iliyoharibika tu. Mchoro ukishaidhinishwa, utolewe kama faili ya peke yake yenye namba ya marekebisho, ifungwe, na ruhusa ya kuigusa awe nayo mtu mmoja. Ofisi ndogo zitalalamika kwamba mtu huyo akisafiri kazi inasimama, na malalamiko hayo ni ya haki. Awe na naibu aliyeteuliwa kwa maandishi, mwenye ruhusa ileile, kabla mradi haujaanza.